Tutengeneze Tochi Yetu Wenyewe: Taa ya LED Yenye Mwanga Mkali

Bismillahir Rahmanir Rahim

Safari hii tumependa tuzungumzie kazi ya mikono: namna ya kutengeneza tochi yenye mwanga mkali kwa taa ya LED, kwa vifaa vinavyopatikana madukani na kwa mafundi wetu wa mitaani.

Huenda akatokea wa kuuliza: kuna haja gani ya kutengeneza tochi na maduka yamejaa tochi? Jibu la suali hili sisi watu wa Unguja tunalijua vizuri. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima, na haukurudi mpaka Juni. Kisha tarehe 10 Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo tulikaa gizani hadi Machi 2010, miezi mitatu kamili. Umeme wetu ulikuwa ukija kutoka bara kwa waya mmoja wa chini ya bahari uliolazwa mwaka 1980, na ulipopata hitilafu hatukuwa na njia nyengine. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013 na hali ikawa afadhali, lakini nani kati yetu anayeweza kusema hajalala gizani hata siku moja tokea hapo?

Katika giza kama hilo nyumba nyingi hurudi kwenye koroboi na mishumaa. Moto usio na kinga unawekwa karibu na chandarua, mikeka, vitabu na watoto waliosinzia. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuzima taa na moto tunapokwenda kulala, na hekima yake iko wazi kwa kila aliyewahi kuona nyumba iliyoungua. Tochi nzuri inaiondoa khatari hiyo. Na tochi uliyoitengeneza kwa mkono wako ina faida ya pili: ikiharibika unajua pa kuanzia kuitazama. Nyingi katika tochi za bei nafuu zimezibwa kwa gundi, zikifa hutupwa.

Tangu mwanzo tuseme jambo moja ambalo ndilo kiini cha makala haya. LED yenye nguvu haifi kwa kukosa umeme. Hufa kwa kupewa umeme mwingi kuliko kiasi chake, na kwa kuachwa ndani ya joto lake wenyewe. Kwa hivyo kazi kubwa ya anayetengeneza tochi hii ni mbili: kuuzuia umeme usizidi, na kulitafutia joto njia ya kutokea. Mengine yote ni rahisi.

LED NI NINI?

Globu ya zamani ya tochi ina uzi mwembamba ndani yake. Umeme unapopita, uzi huo huwa mwekundu kwa moto, kisha mweupe, na ndio tunapata mwanga. Sehemu kubwa sana ya umeme unaoingia hugeuka joto; inayogeuka mwanga haifiki hata kumi katika mia.

LED haina uzi. Ni chembe ndogo ya madini maalumu, yaliyopangwa kwa namna ambayo umeme ukipita kutoka upande mmoja kwenda wa pili, chembe hiyo hutoa mwanga. Umeme hupita upande mmoja tu. Ukiigeuza, kutia chanya palipo hasi, haiwaki.

LED nyekundu iliyoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962. Kwa miaka mingi LED zilikuwa vitaa vidogo tu vya kuonesha kuwa redio imewashwa. Kilichokosekana ni rangi ya buluu yenye nguvu, kwani bila ya buluu huwezi kupata mwanga mweupe. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. LED nyeupe tunayoitumia leo kwa kweli ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa manjano juu yake. Buluu na manjano zikichanganyika, jicho huona nyeupe. Ukiitazama ikiwa imezimwa utauona unga huo wa manjano kama kiini cha yai.

KWA NINI HUWEZI KUIUNGA MOJA KWA MOJA NA BETRI?

Hapa ndipo wengi wanapounguza LED yao ya kwanza.

Tufananishe umeme na maji. Volti ni urefu wa tangi lililo juu ya nyumba: tangi likiwa juu zaidi, maji hushuka kwa nguvu zaidi. Ampia, yaani mkondo, ni wingi wa maji yanayopita katika bomba. Globu ya zamani ni kama bomba jembamba, maji yakizidi nguvu hupita zaidi kidogo tu.

LED ni kama mlango wa banio. Chini ya volti mbili na nusu hivi, haipitishi kitu cha maana. Ikifika volti 3, inafunguka. Ukiongeza volti kidogo tu juu ya hapo, mlango hufunguka wote na mkondo hupanda kwa kasi kubwa mno. Zaidi ya hayo, LED ikipata moto hupitisha mkondo mwingi zaidi kwa volti zile zile. Mkondo ukizidi, joto huzidi. Joto likizidi, mkondo huzidi tena. Mzunguko huo mwisho wake ni moshi.

Kwa hivyo kati ya betri na LED lazima kiwepo kitu cha kuuzuia mkondo. Kitu kilicho rahisi kuliko vyote ni rezista, kijiti kidogo chenye mistari ya rangi, kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya redio.

Mwanafunzi makini atauliza: mbona vile vitochi vya kutundika kwenye ufunguo havina rezista? Vile hutumia betri ndogo za vidonge, ambazo zenyewe hazina uwezo wa kutoa mkondo mkubwa. Udhaifu wa betri ndio rezista yao. Betri tutakazotumia sisi si dhaifu.

HESABU YA REZISTA

Tutatumia LED ya wati 3, lakini tutaipa kazi ya wati 1 tu. LED ya aina hii huweza kubeba mkondo wa hadi ampia 0.7, sisi tutaipa ampia 0.35. Punda wa magunia matatu akibebeshwa moja hufika safari yake bila ya kuanguka. Kwa mkondo huo LED hutaka volti 3.2 hivi.

Betri zetu ni nne, za kuchaji, za ukubwa wa kalamu (AA), aina ya NiMH. Kila moja ina volti 1.2, kwa hivyo zikipangwa kwa mstari tunapata:

1.2 × 4 = volti 4.8

LED inachukua volti 3.2. Zinazobaki ni lazima zichukuliwe na rezista:

4.8 – 3.2 = volti 1.6

Kanuni ya Ohm inasema volti ukizigawa kwa ampia unapata omu:

1.6 ÷ 0.35 = omu 4.57

Madukani hakuna rezista ya omu 4.57. Iliyo karibu ni ya omu 4.7, na hiyo ndiyo tutakayonunua.

Bado hatujamaliza. Rezista nayo hupata joto. Mkondo ukizidisha kwa mkondo, kisha kwa omu, unapata wati:

0.35 × 0.35 × 4.7 = wati 0.58

Zile rezista ndogo nyembamba ni za robo wati, zitaungua. Tununue ya wati 2, ambayo ni nene kama kipande cha chaki kilichokwisha.

Tuangalie pia hali mbaya kuliko zote. Betri zilizotoka kwenye chaja sasa hivi huweza kufika volti 5.6 kwa pamoja. Hapo mkondo utakuwa 5.6 – 3.2 = 2.4, gawa kwa 4.7, ni ampia 0.51. Bado uko chini ya 0.7, na betri zikitumika kidogo hushuka. Hii ndiyo faida ya kununua LED ya wati 3 na kuifanyisha kazi ya wati 1: hata siku ya kuzidi haizidi mpaka wake.

Betri zenye uwezo wa miliampia 2000 kwa saa zitadumu kiasi cha 2000 ÷ 350, yaani zaidi ya saa tano na nusu. Mwanga utakaopatikana ni kiasi cha lumeni 100, sawa na mishumaa minane, na wote umeelekezwa mbele.

MWANGA WA PILI

Mwanga mkali haufai kwa kila kazi. Wa kusomea kitabu hauhitaji nguvu hizo, na kuutumia ni israfu. Kwa hivyo tuweke swichi ya njia mbili yenye kuzima katikati. Upande mmoja una rezista ya omu 4.7, upande wa pili rezista ya omu 22. Katika mkondo mdogo LED hutaka volti 2.9 hivi, kwa hivyo:

4.8 – 2.9 = 1.9, 1.9 ÷ 22 = ampia 0.086

Kwa mkondo huo betri zile zile zitawaka zaidi ya saa ishirini, na mwanga bado unaishinda mishumaa miwili. Katika ile miezi mitatu ya giza, tofauti kati ya saa tano na saa ishirini ingekuwa kubwa kwa nyumba inayotegemea kuchaji kwa jirani mwenye jenereta.

VIFAA

1. LED nyeupe ya wati 3, iliyokwisha kubandikwa juu ya kibati chenye umbo la nyota.
2. Betri nne za AA za kuchaji na nyumba yake ya kuwekea betri, ile ya mbili mbili mgongo kwa mgongo.
3. Rezista ya omu 4.7 ya wati 2, na ya omu 22 ya nusu wati.
4. Swichi ya njia mbili yenye kuzima katikati.
5. Fyuzi ya ampia 1 na kishikio chake.
6. Kipande cha bomba la alumini la pembe nne, urefu wa sentimita 15, upana wa ndani usiopungua sentimita 4.
7. Kipande cha engo ya alumini, urefu wa sentimita 4.
8. Lenzi ya plastiki ya LED, ile ndogo yenye umbo la faneli.
9. Grisi nyeupe ya kupitisha joto, ile wanayopaka mafundi wa kompyuta.
10. Waya mwembamba mwekundu na mweusi, skurubu ndogo, washa za plastiki, utepe wa umeme.

Namba 6 na 7 zisikusumbueni. Nendeni kwa fundi wa madirisha ya alumini mukamuombe vipande alivyokata akavitupa pembeni. Mukimwambia munatengeneza kitu gani, mara nyingi atakupeni na atakukatieni pia.

Ala za kazi ni msumeno wa chuma, tupa, drili, pasi ya kulehemu na risasi yake, na mita ya umeme. Msizinunue. Fundi redio wa mtaani anazo, na wanafunzi wakienda kwake kwa adabu watajifunza mengi kuliko tunavyoweza kuandika hapa.

KWA NINI ALUMINI?

Wengi huona bomba la plastiki la maji ni rahisi zaidi kwa kutengenezea mwili wa tochi. Ni rahisi, lakini litaiua LED.

LED haitoi joto mbele pamoja na mwanga, kama inavyotoa globu. Weka kiganja mbele yake utaona ni baridi. Ndiyo maana watu hudhani LED haina joto. Joto lake liko nyuma, katika chembe yenyewe, na haliwezi kutoka ila kwa kugusana na kitu kinachopitisha joto. Plastiki haipitishi. Joto likikosa njia, mwanga hufifia, unga wa manjano hubadilika, na mwisho LED hufa kabla ya wakati wake.

Alumini hupitisha joto haraka. Ndiyo sababu ya sufuria za alumini kuchemka upesi, na mkono wake kuunguza mtu asiyeshika kitambaa. Katika tochi yetu joto litatoka kwenye LED, liende kwenye kibati cha nyota, liende kwenye engo, liende kwenye mwili wa tochi, na hatimaye litoke kwenye hewa na kwenye mkono wa aliyeishika. Popote penye nafasi ya hewa katika safari hiyo, joto hukwama. Ile grisi nyeupe kazi yake ni kuziba nafasi hizo ndogo ndogo zisizoonekana.

HATUA ZA KUTENGENEZA

Kwanza. Kata bomba na engo, kisha sugua kingo zote kwa tupa mpaka zisikate kidole. Alumini iliyokatwa ina makali kama wembe.

Pili. Engo ina pande mbili kama herufi L. Upande mmoja utakuwa uso wa tochi, utakaobeba LED. Upande wa pili utalala ndani ya bomba ukigusana na ukuta wake. Toboa tundu mbili za kufungia engo kwenye bomba, tundu mbili za kufungia nyota, na tundu mbili za kupitishia waya.

Tatu. Paka grisi nyuma ya nyota, kidogo tu, kama unavyopaka siagi mkate wa mtu mchoyo. Ikizidi huzuia badala ya kusaidia. Ifunge nyota kwa skurubu ndogo zenye washa za plastiki, ili vichwa vya skurubu visiguse sehemu za kulehemu. Paka grisi pia baina ya engo na bomba, ukaze.

Nne. Kabla ya kwenda mbele, chukua mita, iweke kwenye kipimo cha omu, na pima kati ya kila ncha ya LED na mwili wa alumini. Pasiwe na mawasiliano yoyote. Yakiwepo, kuna skurubu au risasi inayogusa. Irekebishe sasa hivi.

Tano. Lehemu waya kwa mpango huu: chanya ya betri iende kwenye fyuzi, fyuzi iende katikati ya swichi, upande mmoja wa swichi uende rezista ya omu 4.7, upande wa pili uende rezista ya omu 22. Ncha za pili za rezista zote mbili ziungane na ziende chanya ya LED. Hasi ya LED irudi hasi ya betri. Kila kiungo kizungushwe utepe, isipokuwa mwili wa rezista kubwa, ambao uachwe wazi upumue. Waya zinapopita kwenye tundu za alumini zivalishwe kipande cha mpira zisichubuke.

Sita. Usitie betri zote na kuwasha kwa furaha. Pima kwanza. Washa mwanga mkali huku mita ikiwa kwenye volti, na gusa ncha mbili za rezista ya omu 4.7. Ukisoma volti 1.6, gawa kwa 4.7: mkondo ni ampia 0.34, sawa sawa na tulivyokusudia. Ukisoma volti 2.4, betri zimetoka kwenye chaja sasa hivi, hakuna tatizo. Ukisoma zaidi ya volti 3.3 zima mara moja, kwani LED imepita mpaka wake. Kagua rezista na idadi ya betri.

Saba. Iache ikiwaka dakika kumi, kisha weka kidole kwenye engo karibu na LED. Kama unaweza kuhesabu hadi tano bila ya kuondoa kidole, joto linatoka vizuri. Kama huwezi, fungua, angalia grisi na ukaze skurubu.

Nane. Bandika lenzi juu ya LED, ingiza nyumba ya betri ikiwa imezungushwa karatasi ngumu isicheze, weka swichi, na ziba nyuma kwa kipande cha plastiki kinachofunguka. Kifunguke, kwa sababu tochi hii imetengenezwa ili itengenezeke.

LENZI NA KIOO

Tochi za zamani zina kikombe king'aavu kinachozunguka globu. Kwa nini tusikitumie hicho? Kwa sababu globu hutoa mwanga pande zote, na kikombe huukusanya na kuurudisha mbele. LED hutoa mwanga mbele tu, kama mwavuli uliofunguliwa, na mwingi hupita bila ya kukigusa kikombe. Lenzi ya faneli hukaa juu ya LED yenyewe na kuukusanya karibu wote.

Elimu ya vioo vya namna hii wanafunzi wetu waijue kuwa ina mizizi katika ustaarabu wa Kiislamu. Al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965, aliandika risala nzima kuhusu vioo vilivyopinda vinavyokusanya miale ya jua mahala pamoja hadi kuwasha moto. Tochi ni kioo hicho hicho kilichogeuzwa: badala ya miale kutoka mbali kukusanyika katika nukta, mwanga unaotoka katika nukta unapelekwa mbali. Na katika Kitab al-Manadhir, alichokiandika Misri, alieleza kwa majaribio kwamba jicho huona kwa mwanga unaoliingia, wala si kwa miale inayotoka ndani yake. Yeye naye hakuridhika na kudhani. Alipima.

TAHADHARI

Macho. Usiitazame LED hii ikiwaka, wala usimmulike mwenzio usoni, hata kwa mzaha. Unapokwenda msikitini alfajiri imulike njia, si nyuso za watu, na ukikutana na mwenye baskeli au gari inamishe chini.

Betri. Usichanganye mpya na kuukuu. Usichaji mawe ya kawaida yasiyo ya kuchaji. Ile desturi ya kuyaanika mawe juani ili yapate nguvu tuiache. Joto huyaamsha kwa muda mfupi, kisha huvuja na kuharibu tochi nzima. Mwanga ukianza kuwa hafifu, zima na uchaji. Kuzikamua betri mpaka mwisho huziharibu.

Betri za lithiamu zinazotolewa kwenye kompyuta kuukuu zina nguvu sana na watu huzisifu. Nguvu hiyo ndiyo khatari yake. Zikiguswa chanya na hasi, au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, huweza kuwaka moto. Hizo si za wanafunzi kuchezea.

Kulehemu. Fanyeni mahala penye hewa, pamoja na mtu mzima. Risasi ni sumu. Osheni mikono kwa sabuni kabla ya kula.

IKIWA HAIWAKI

Tazameni kwa utaratibu, kutoka betri kwenda mbele. Betri zina volti ngapi? Fyuzi ni nzima? Volti zinafika upande wa pili wa swichi? Zinafika kwenye LED? LED imegeuzwa? Mahala ambapo volti zinapotea ndipo penye ugonjwa. Mara nyingi utakuta ni kiungo kilicholehemiwa kwa haraka, na haraka haraka haina baraka.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. Bwana mmoja ana tochi kuukuu ya mawe matatu makubwa, kila moja volti 1.5. Anataka kutia LED yetu kwa mkondo wa ampia 0.35. Ahitaji rezista ya omu ngapi?

2. Betri za tochi yetu zina volti 4.8. Katika kila wati zinazotoka kwenye betri, ni sehemu gani inayofika kwenye LED, na sehemu gani inapotea kwenye rezista?

3. Mwenzako amefunga LED ya wati 3 ndani ya chupa ya plastiki. Anasema haipati joto kwa sababu mbele yake ni baridi. Utamjibu nini?

Majibu: (1) 4.5 – 3.2 = 1.3, gawa kwa 0.35 ni omu 3.7, iliyopo madukani ni 3.9. (2) 3.2 kati ya 4.8, yaani thuluthi mbili, hufika. Thuluthi moja hupotea kuwa joto. Wakubwa wanaotaka kuiokoa thuluthi hiyo wajifunze kutumia draiva, kisaketi kinachoshikilia mkondo bila ya kupoteza nyingi. (3) Jibu limo katika makala. Asiyelikumbuka arudi kusoma.

HITIMISHO

Wazee wetu, mtoto akikuombeni fedha ya rezista na LED msione ni mchezo. Katika tochi moja atakuwa amefanya hesabu ya kugawa, amejua umeme, amejua joto, amejifunza kupima kabla ya kuamini, na amekaa na fundi akamsikiliza. Tunashauri kazi hii ifanywe na wanafunzi watatu au wanne kwa tochi moja, mwenye nguvu ya mkono akate, mwenye utulivu alehemu, mwenye hesabu apime. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Na ya kwanza itakayokamilika tunapendekeza isibaki kwa aliyeitengeneza. Katika kila mtaa yupo mzee anayeishi peke yake, au mama mwenye mtoto mchanga, ambaye umeme ukikatika hana ila koroboi. Mpelekeeni yeye, mumuoneshe namna ya kuchaji, na kila baada ya muda mukamuangalie betri zake. Kisha mrudi mtengeneze ya pili. Hiyo itakuwa nzuri zaidi kwa sababu mikono imekwisha kujua.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa na atujaalie kuitumia kwa kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.